Tathmini ya CodePen: kuchora komponenti za React bila kusakinisha chochote

Kwa yeyote anayefundisha au kujifunza kuunda komponenti za JavaScript, yaani vipande vya ukurasa vinavyoandikwa kimoja kimoja kisha kuunganishwa, akiwa na kipakatalishi chenye kumbukumbu ndogo na data ya kununua, CodePen, tovuti ya kuandikia na kuendeshea msimbo ndani ya kivinjari, ndiyo huduma ninayoipendekeza kwanza. Nasema hivyo baada ya kuitumia katika darasa la jioni la vijana hapa Kisumu kwa kazi moja mahususi, nayo ni kuchora ramani ya viti vya matatu ya abiria 14 inayokwenda Kakamega kupitia Kiboswa na Chavakali, ambayo abiria angeifungua kwenye simu yake na kuchagua kiti kabla ya kufika stendi. Tathmini hii inahusu kazi ya namna hiyo tu, yaani kuandika komponenti ya React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, na kuiona ikichorwa papo hapo.

Huduma hii ilianzishwa mwaka wa 2012 na Chris Coyier, Alex Vazquez na Tim Sabat, nayo imejulikana kwa umbo lake jepesi: sehemu ya kuandikia HTML, nyingine ya CSS, nyingine ya JavaScript, na dirisha linaloonyesha matokeo. Anayeanza halazimiki kusakinisha Node, programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, wala kupakua maelfu ya faili za npm, ghala la vifurushi vya msimbo, wala kufungua lile dirisha la amri ambalo huwatisha wengi kabla hawajaandika hata mstari mmoja. Kwa mwanafunzi anayegawana tarakilishi na nduguye, au anayetegemea intaneti ya simu, nafuu hiyo ni kubwa kuliko anavyoweza kudhani mtu aliyezoea mashine ya kisasa na mtandao wa ofisini. Maswali yanayoulizwa darasani huwa ya komponenti yenyewe, na mwalimu hapotezi saa nzima akihangaikia mashine moja iliyokataa kusakinisha programu.

Kuna hatua moja ambayo ni lazima ifanywe mwanzoni, na mafunzo mengi huipita mbiombio. Kivinjari hakiijui JSX, ile namna ya kuandika lebo zinazofanana na HTML ndani ya JavaScript. Kikikutana na lebo hizo hutangaza kosa la kisarufi na kukataa kuendesha msimbo wote, kwa hivyo dirisha la matokeo hubaki jeupe bila maelezo yoyote. Dawa yake ni kufungua mipangilio, kwenda sehemu ya JS na kuchagua Babel, ambayo huigeuza kila lebo kuwa mwito wa kawaida wa JavaScript kabla msimbo haujafika kwenye kivinjari. CodePen inakuruhusu kuutazama msimbo uliokwisha kugeuzwa, nami humsihi kila mwanafunzi autazame, kwa sababu akishaona kwamba lebo yake ya kiti imekuwa mwito wa fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachotenda kazi kikiitwa, mambo mengi ya React ambayo angeyakariri bila kuyaelewa huanza kumwingia akilini. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba sehemu ya HTML hupokea tu yale yanayokaa ndani ya mwili wa ukurasa. Kwa kazi yetu ilitosha kuandika div (kisanduku cha HTML) moja tupu yenye kitambulisho cha "gari", kisha createRoot, amri ya React ya kuanzisha uchoraji, ikaambiwa ichore humo.

Komponenti ya kwanza tuliyoiandika iliitwa Kiti. Ilipokea nambari ya kiti, ikachora kitufe, na kitufe kikibonyezwa kikageuka kijani. Hapa ndipo CodePen inapodhihirisha thamani yake, kwa kuwa makosa ya kawaida ya React huonekana waziwazi yakitendeka katika nafasi ndogo kama hiyo. Mwanafunzi akiita komponenti yake kwa herufi ndogo ya mwanzo, "kiti" badala ya "Kiti", React huichukulia kuwa lebo ya HTML, huweka kwenye ukurasa lebo isiyojulikana na kivinjari, na kitufe hakitokei kamwe. Hakuna kinachovunjika na ukurasa hausimami, ila ukifungua konsoli, yaani sehemu ya kuonyeshea maonyo na makosa, iliyo chini ya dirisha la CodePen utakuta onyo linaloitaja lebo hiyo kwa jina. Kuwa na konsoli hapo hapo, bila kulazimika kufungua zana za kivinjari ambazo kwenye simu hazipatikani kwa urahisi, ni faida ninayoithamini sana.

Mfano ulionisadikisha zaidi ni ule wa sifa ya key. Unapochora orodha, React hutaka kila kipengele kiwe na key yake, na wengi hutumia nafasi ya kipengele katika orodha kwa kuwa ndiyo rahisi. Tulichora viti 14 kwa njia hiyo, kila kiti kikitunza chenyewe hali yake ya kuchaguliwa, kisha tukaongeza kitufe cha kuondoa kiti kilichokwisha kulipiwa. Tukabonyeza kiti cha 5, kikawa kijani, halafu tukakiondoa kiti cha 2. Rangi ya kijani ikahama mara moja hadi kiti cha 6. Sababu ni kwamba orodha ilisogea hatua moja, na React, ambayo ilikuwa imeambiwa kwamba utambulisho wa kiti ni nafasi yake, ikaiacha hali ya kuchaguliwa palepale ilipokuwa, ingawa sasa pamekaa kiti kingine. Tulipobadilisha key ikawa nambari ya kiti, rangi ikabaki kwenye kiti cha 5 hata orodha iliposogea. Katika matatu halisi kosa hilo lingemkalisha abiria mmoja katika kiti alicholipia mwingine, na utingo ndiye angetupiwa lawama zote. Kulieleza jambo hili ubaoni ni kazi ngumu. Kulionyesha kwenye dirisha ambalo kila mwanafunzi analo mbele yake, akibadilisha neno moja na kuona tofauti, huchukua muda mfupi mno.

Suala la matoleo ya React linahitaji uangalifu zaidi kuliko jingine lolote. React ilitolewa na Facebook kama programu huria mwaka wa 2013, na mifano mingi iliyoko mtandaoni iliandikwa kabla ya toleo la 18 la mwaka wa 2022, lilipoletwa createRoot. Mifano hiyo hutumia amri ya zamani ya kuchora, ReactDOM.render, ambayo toleo la 19 la Desemba 2024 liliiondoa kabisa. Toleo hilo hilo liliacha pia kutoa faili za UMD, zile ambazo zamani ungeziunganisha kwa lebo moja ya script bila kujali mengine. Matokeo yake ni kwamba kiungo cha zamani kisichotaja nambari ya toleo huelekea mahali ambapo faili haipo tena. Ushauri wangu ni mmoja kati ya miwili: ama utaje toleo la 18 waziwazi katika viungo vyako, ama uandike import kutoka esm.sh, huduma inayosambaza vifurushi vya npm kwa kivinjari, ukitumia toleo la 19. Kwa njia hiyo ya pili hakikisha kwamba react na react-dom (sehemu ya React inayochora kwenye ukurasa) ni za toleo moja kamili, maana zikitofautiana React 19 hukataa kufanya kazi. Chagua pia faili za uendelezaji, si zile zilizobanwa kwa ajili ya watumiaji, kwa sababu maonyo niliyoyataja hapo juu hayatolewi na faili zilizobanwa. Anayejali data atapenda kujua kwamba faili ya react-dom ya toleo la 18 iliyobanwa ina takriban kilobaiti 130, ile ya uendelezaji ni kubwa zaidi, na kivinjari huihifadhi baada ya kuipakua mara ya kwanza.

CodePen huchora upya matokeo kila unapotulia baada ya kuandika. Wanaoanza hufurahia jambo hilo, lakini kwenye mashine dhaifu linaweza kuchosha, kwa kuwa msimbo ulioandikwa nusu huendeshwa nao. Mipangilio inakuruhusu kuzima uchoraji huo wa papo hapo, kisha kitufe cha kuendesha hujitokeza, nawe unaamua mwenyewe lini uchore. Huduma hii pia huweka ulinzi ndani ya vitanzi vya msimbo wako ili kitanzi kisicho na mwisho kikatizwe badala ya kukigandisha kivinjari.

Upande wa mwonekano, inafaa kuelewa kwamba dirisha la matokeo ni fremu inayojitegemea, na kanuni za CSS zinazotegemea upana wa skrini hufuata upana wa fremu hiyo. Ukiuvuta mpaka wa dirisha hadi lifikie takriban pikseli 360, utaona viti vikijipanga kama vitakavyojipanga kwenye simu ya abiria wa kawaida. Safu ya viti vitatu ambayo ilipendeza kwenye kipakatalishi ilibana sana kwa upana huo, hadi kidole cha mtu mzima kingegusa viti viwili kwa pamoja. Tulipanua vitufe na kupunguza nafasi pembeni palepale. Hata hivyo, kwa kuwa fremu imetengwa na kila kitu kingine, komponenti inayopendeza humo haijathibitishwa bado kwamba itapendeza ndani ya tovuti yenye mitindo yake ya awali ya vitufe na herufi. Siku ya kuihamisha utalazimika kuikagua upya.

Wako washindani wawili wanaostahili kutajwa. StackBlitz, kwa teknolojia yake ya WebContainers iliyotangazwa mwaka wa 2021, huendesha Node yenyewe ndani ya kivinjari, kwa hivyo unapata mradi kamili wenye faili nyingi na vifurushi vya npm. Ni kazi ya kustaajabisha kwa kweli, ila mzigo wote unabebwa na kumbukumbu ya mashine yako. CodeSandbox, iliyoanza mwaka wa 2017, inatoa pia mazingira yanayoendeshwa kwenye seva zao, jambo linaloipunguzia mashine yako kazi lakini likakufanya utegemee mtandao usiokatika. Komponenti ikishakua na kuwa mradi wa kurasa kadhaa, nenda huko bila kusita. Kwa kiti kimoja, au hata kwa gari zima la viti 14, sioni haja.

Kuhusu malipo, akaunti ya bure inatosha kwa kila nililolieleza hapa, na inakuruhusu kupakua kazi yako yote kama faili ya zip. Kuficha kazi isionwe na umma na kuhifadhi picha zako kwenye seva zao ni mambo ya akaunti ya kulipia. Kila unachokihifadhi kwa akaunti ya bure, basi, kinaweza kusomwa na mtu yeyote duniani, na hili nalisisitiza kwa vijana wetu kwa sababu hatua inayofuata baada ya kuchagua kiti ni kulipia nauli kwa M-Pesa. Anayeunganisha malipo kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hupewa funguo mbili, na mmojawapo ni siri. Ufunguo huo usibandikwe kwenye CodePen hata kwa majaribio ya dakika moja, na kwa hakika usikae kwenye JavaScript yoyote ya kivinjari, ya kulipia au ya bure, kwa kuwa kila anayefungua ukurasa anaweza kuusoma. Mahali pake ni kwenye seva yako. Ndani ya CodePen, andika fanksheni ya bandia inayosubiri sekunde mbili kisha irudishe jibu kwamba malipo yamepokelewa, na wakati mwingine irudishe jibu kwamba abiria ameghairi. Hivyo utaona kiti kikichorwa katika hali zote tatu, kikisubiri, kikilipiwa na kikiachwa wazi tena, bila shilingi ya mtu yeyote kuguswa.