Simu Isiyo na Waya Katika Nyumba ya Mawe: Uzoefu Wangu wa Miaka Mitatu

Simu hii ya nyumbani isiyo na waya, ya mfumo wa DECT (mawasiliano ya redio ya masafa mafupi ya simu za nyumbani), yenye kitako kimoja, yaani kile kifaa kinachounganishwa na waya wa simu, na mikonga miwili ya kushika mkononi, niliinunua miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya mama yangu, anayeishi Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya ghorofa. Mama ana simu ya mkononi, lakini ndugu zetu walioko Muscat wameizoea namba ya nyumbani, na mwenyewe hupenda kuzungumza nao huku akiendelea na shughuli zake za jikoni. Mwaka wa kwanza hatukuwa na neno nayo. Mwaka wa pili ilitusumbua hata nikakaribia kuitupa, na ningetupa simu isiyo na kosa.

Lalamiko la mama lilikuwa moja tu: "Simu inakata." Nami nilikosea kudhani kwamba maneno hayo yana maana moja. Nilipokaa naye siku mbili nikiangalia, niligundua kwamba palikuwa na matatizo mawili. Mara nyingine mkonga ulilia kidogo mara mbili au tatu kisha ukazimika, hata akiwa ameketi kando ya kitako. Hiyo ilikuwa betri. Mara nyingine alikuwa akipanda ngazi, na kila alipofika kipandio cha tano sauti ilianza kukatikakatika hadi ikapotea, ilhali alama ya betri ilionyesha kwamba imejaa. Hapo mkonga ulikuwa umepotezana na kitako. Anayetaka kutengeneza simu ya namna hii aanze na swali hilo: inakata popote, au inakata mahali fulani?

Kila mkonga hutumia betri mbili ndogo za AAA za kuchaji, aina ya NiMH, volti 1.2 kila moja. Za mkonga wa kwanza zilikuwa zimechoka, nikazibadilisha, yakaisha. Mkonga wa pili ulinishangaza, kwani hata betri mpya hazikushika chaji. Niliupeleka dirishani, nikaona kwamba vile vibati viwili vya chini, vinavyogusana na kikalio, yaani pale mkonga unapowekwa ili uchajiwe, vilikuwa na utando wa kijani, ulioletwa bila shaka na hewa ya chumvi ya baharini, na taa ya chaji iliwaka pale tu nilipoukandamiza mkonga kwa kidole. Nilichomoa kikalio kwenye umeme, nikavisugua vibati vya pande zote mbili kwa kifutio cha penseli, kisha nikavipangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Tangu hapo hufanya hivyo kila baada ya miezi michache. Nakuombeni sana pia msitie humo betri za kawaida za volti 1.5, kama alivyofanya mtu mmoja nyumbani kwa nia njema, kwa kuwa betri isiyochajika ikilazimishwa chaji huweza kuvuja au hata kupasuka.

Kuhusu mawasiliano, fundi wa kwanza alilaumu ruta ya Wi-Fi. Niliizima kutwa nzima na hakuna kilichobadilika. Nayo simu hii hutumia masafa ya megahezi 1880 hadi 1900, mbali na gigahezi 2.4 au 5 za ruta. Kilichotuzuia ni kuta zenyewe, za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene unaozidi nusu mita. Kitako kilikuwa chumba cha nyuma, kimejificha kando ya jokofu, na zile mita 50 za ndani ya nyumba zilizoandikwa kwenye boksi hazikuhesabu kuta kama hizo. Nilivuta waya wa simu hadi kwenye uwazi wa ngazi, nikakiweka kitako juu ya rafu, na sauti ikafika juu na chini bila kukatika. Mkonga wa pili ulipoendelea kuandika kwamba unatafuta kitako, niliusajili upya kwa kubonyeza kitufe cha kitako kwa sekunde kadhaa na kuingiza namba ya siri, ambayo kwa simu hii ni 0000.

Kwa matumizi ya kila siku naisifu simu hii kwa moyo wote, isipokuwa kwa jambo moja ambalo haina namna ya kulikwepa: kitako hutegemea umeme wa ukutani, na umeme ukikatika mikonga yote huwa bubu hata ikiwa imejaa chaji. Laini ya shaba, yaani waya wa simu wenyewe, huleta umeme wake kutoka kituo cha simu, kiasi cha volti 48, unaotosha kuendesha simu ya kawaida ya waya. Sisi tuliokuwa Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokosekana kwa takriban miezi mitatu, tunajua thamani ya jambo hilo. Kwa hiyo ile simu ya zamani ya waya sikuiondoa. Ipo chumbani kwa mama, karibu na kitanda, na giza likiingia ghafla huifikia kwa kunyoosha mkono.