TAHADHARI: Ukanda mweusi si lazima uwe kaboni

Kama una boriti za zege zinazobeba winchi au mashine za kutikisika, na mtu anakuuzia "kaboni" (ukanda wa nyuzi za kaboni wa kuimarisha boriti) ya kubandika chini yake, soma hapa kabla hujatoa hela.

Mimi nimeshalizwa. Boriti mbili chini ya reli ya winchi yetu zilianza kupata nyufa. Muuzaji akaja na kanda nyeusi zinazong'aa na cheti kizuri. Mafundi wake wakapaka gundi ya epoksi juu ya rangi ya zamani, hata grainda hawakupitisha. Siku moja, kazi kwisha.

Miezi michache baadaye nikagonga ukanda kwa nyundo ndogo: ko, ko, uwazi mtupu. Nikavuta ncha kwa mkono, ikabanduka na ganda la rangi mgongoni, zege halijachunika hata chembe. Nikaikata kwa msumeno: ndani nyeupe! Nyuzi za kioo zilizotiwa weusi.

Kioo kina kazi zake, sikitukani. Lakini kwenye boriti inayopokea mzigo wa kurudiarudia, kinachochoka na kukatika kwanza kwa kawaida ni nondo, na kazi ya ukanda ni kuipunguzia nondo mkazo. Nyuzi za kaboni za kawaida zina ugumu (yaani ukaidi wa kuvutika) wa GPa 230 hivi, za kioo 70 hivi. Kwa unene uleule, ukanda wa kioo unabeba mzigo kidogo zaidi, na nondo yako inaendelea kuumia kimya kimya. Mwongozo wa Marekani, ACI 440.2R, unaruhusu mkazo wa kudumu na wa kurudiarudia ufike asilimia 55 ya nguvu ya ukanda wa kaboni; wa kioo ni 20 tu.

Kwa hiyo beba maltimita, kipimo cha umeme. Kwangua gundi kwenye ncha zote mbili za kipande, gusisha waya: kaboni inapitisha umeme, kioo hakipitishi. Zege lisagwe mpaka kokoto zionekane. Gundi ikikauka, dai jaribio la kuuvuta ukanda kutoka kwenye zege: isiachie chini ya MPa 1.4 (kipimo cha nguvu kwa eneo), na kinachong'oka kiwe zege lenyewe. Muuzaji akikataa jaribio hilo, usimlipe.

Wangu hapokei simu tena. Winchi tumeisimamisha, boriti zimeegemezwa nguzo za muda, na injinia anapiga hesabu upya.