Jumamosi sita za mashairi ya Kitamil Mylapore: uzoefu wangu

Nilikaa Chennai, India, wiki saba nikimuuguza mama. Waliowahi kwenda kule na mgonjwa wanajua siku zinavyokwenda: asubuhi vipimo, mchana kusubiri majibu, jioni unatazamana na ukuta wa nyumba ya wageni. Pale mapokezi palibandikwa karatasi: mashairi ya kale ya Kitamil, lugha ya huko, na nyimbo za hekaluni, kwa wasiojua Kitamil, Jumamosi sita katika mtaa wa Mylapore, rupia 6,000 pamoja na kijitabu na kahawa. Nikalipa. Dada yangu, tuliyekuwa tunapokezana zamu, akanicheka: "Wewe umekuja kuuguza au kusoma?"

Siku ya kwanza tulikaa nje dakika arobaini, mwenye ufunguo hajulikani alipo. Wengine wawili wakaondoka zao na hawakurudi. Ila mwalimu alipoanza, nilisamehe. Hakutuletea historia wala ramani. Aliandika ubaoni mstari wa kwanza wa shairi la 40 la Kuruntokai, mkusanyo wa kale wa mashairi ya mapenzi, akatusemesha mpaka ukakaa mdomoni: yayum nyayum yar akiyaro. Shairi zima lina mistari mitano. Mvulana anamwuliza msichana: mama yangu na mama yako wanahusiana nini? Baba yangu na baba yako ni ndugu kwa upande gani? Mimi na wewe tulijuana wapi? Halafu anasema mioyo yao imechanganyika kama mvua iliyoangukia udongo mwekundu. Basi. Jina la mtunzi halikubaki, kwa hiyo wamemwita kwa picha aliyoichora mwenyewe, Cempulappeyanirar, yaani yule wa maji ya mvua na udongo mwekundu. Nimeyasoma mashairi mengi ya mapenzi maishani, na mengi yanapiga kelele. Hili halikuinua hata sauti.

Mashairi haya, wanayoyaita ya Sangam, ni ya karne za mwanzo za Miladi, na yaliyotufikia ni 2,381. Yapo ya nje, ya vita na wafalme na ukarimu wao, na yapo ya ndani, ya mapenzi. Haya ya ndani yana sharti moja: wapenzi hawatajwi majina. Anasema mvulana, au msichana, au shoga yake, au mama mtu, na mambo yote yanapitishwa kwenye ardhi. Mlima ni kukutana kwa siri, msitu ni kungoja kwa subira, mashamba ya mpunga ni mume aliyechepuka na mke aliyenuna, jangwa ni kuachana, pwani ni roho juujuu. Kila ardhi na maua yake, ndege wake, saa yake. Mjerumani mmoja darasani alihangaika sana hapa, akawa anachora majedwali. Mimi nimekulia Tanga, kwenye taarabu na maneno ya kanga. Mtu akiniambia habari ya ndege na mti, najua hasemi ndege wala mti.

Kijitabu ndicho kilichoniudhi. Gundi iliachia wiki ya tatu, hilo dogo. Kubwa ni kwamba tafsiri ya Kiingereza imeyaacha majina ya mimea vilevile, bila picha, bila maelezo, na hii ni elimu ambayo mmea ndio maana yenyewe. Kulikuwa na shairi moja la pwani, la 172 katika Natrinai, mkusanyo mwingine wa mapenzi, ambapo msichana anamkataza mpenzi wake kucheka naye chini ya mti uitwao punnai. Walipokuwa wadogo walifukia kokwa kwenye mchanga mweupe wakicheza, wakaisahau, ikaota. Wakaulea mche kwa maziwa na samli. Mama akawaambia mti huu ni dada yenu, tena unawashinda ninyi. Sasa msichana anaona haya: atacheka vipi na mwanamume mbele ya dada yake? Shairi tamu kweli. Lakini punnai ni mti gani? Kijitabu kimya.

Jumamosi ya nne tukapelekwa hekalu la Kapaleeshwarar, palepale Mylapore. Asiye Mhindu haingii chumba cha ndani kabisa, lakini ua ni wazi kwa wote. Viatu unaacha nje, na mawe ya ua saa nne asubuhi yanaunguza nyayo, njooni na soksi. Upande wa nyuma kuna mti na kijihekalu kidogo chini yake, mahali ambapo inasimuliwa mungu wa kike Parvati alifanya ibada akiwa katika umbo la tausi. Mwalimu akasema, huu ndio punnai. Majani mazito yanayong'aa, mishipa yake imepangika kama nyuzi za mkeka. Nikaokota tunda chini. Jioni nikampa mama kitandani. Akaligeuza mara mbili tu: "Si tondoo hii? Tulikuwa tukizichezea kama gololi. Umeitoa wapi huku?" Mtondoo! Nikamsimulia lile shairi. Akafikiri kidogo, akasema huyo mama wa watoto alikuwa mjanja, kawawekea mlinzi asiyelala.

Na mti haukuishia hapo. Nyimbo za ibada zilikuja karne kadhaa baadaye. Sambandar, mshairi mtakatifu wa mungu Shiva wa karne ya 7, aliimba hapohapo Mylapore kumwamsha Pumpavai, binti aliyekufa kwa nyoka na majivu yake kuhifadhiwa chunguni. Ubeti baada ya ubeti anamwuliza: utaondoka bila kuziona taa za sikukuu ya Kartikai? Utaondoka bila kuiona sikukuu hii, na hii? Na wimbo unafunguka kwenye kichaka cha mitondoo ya pwani. Pwani ileile ya wapenzi wasio na majina, sasa ni ya Mungu. Nammalvar naye, mshairi mtakatifu wa mungu Vishnu, anasema kwa sauti ya msichana aliyeachwa, anamtuma korongo apeleke salamu kwa Vishnu. Mimi ni Muislamu na ibada hiyo si yangu, lakini shauku ya namna hiyo naijua kwenye kasida.

Kwa wapenda vina: sisi tunavifunga katikati na mwisho wa mshororo, wao wanavifunga mwanzoni, kwenye silabi ya pili. Wimbo wa kwanza wa Sambandar, ambao wanasema aliuimba akiwa na miaka mitatu, mistari yake inaanza todudaiya, kadudaiya, edudaiya, pidudaiya. Sikio langu lilingoja mwisho wa mstari, kumbe kina kimeshapita.

Ubaya ni kwamba nyimbo zilipewa Jumamosi mbili tu, na ya mwisho ilimezwa na hotuba ya mgeni kuhusu Rajaraja, mfalme aliyeweka waimbaji 48 katika hekalu lake la Thanjavur. Habari nzuri, lakini sisi tulilipa tuimbe. Mwimbaji wa hekaluni, oduvar, tulimsikia dakika kumi hivi, akiwa na matoazi madogo mkononi, bila kipaza sauti. Dakika hizo kumi peke yake zilikuwa na thamani ya nusu ya ada.

Kahawa ni nzuri sana. Nendeni, ila muulize kwanza kama kijitabu kimechapishwa upya, na mdai nyimbo zisipungue Jumamosi tatu. Rekodi tulizoahidiwa zilinifikia Tanga baada ya miezi miwili, na wimbo wa Mylapore umekatika kwenye ubeti wa tatu. Nimewaandikia mara mbili, bado nasubiri.