Riwaya za Australia za mapenzi na msiba: ipi ununue kwanza

Mwombe muuza vitabu vya mitumba riwaya ya mapenzi kutoka Australia, mkono wake utakwenda moja kwa moja kwenye The Thorn Birds. Ni kitabu kinene, kina jina, na kwa ujazo wake utaona umefaidi. Lakini hapa tumekiweka nafasi ya nne, na sababu tutaieleza.

Kipimo chetu ni kimoja. Katika riwaya nzuri za Australia, nchi yenyewe ndiyo inayowatenga wapendanao: bahari, ukame, umbali, ardhi iliyoporwa. Ukisoma kurasa hamsini ukaona hadithi ingeweza kutokea popote, umenunua hadithi ya mapenzi ya kawaida. Jambo la pili tuliloangalia ni Kiingereza, maana zote hizi utazisoma kwa lugha hiyo na baadhi zina ugumu usioonekana kwenye jalada. La tatu ni nakala: kuna vitabu ambavyo ni rahisi kuuziwa sivyo.

1. The Light Between Oceans, M. L. Stedman (2012)

Anza na hiki. Hata kama ni zawadi kwa mtu usiyejua anapenda nini, chukua hiki. Tom Sherbourne amerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa mzima wa mwili tu, akapata kazi ya kulinda mnara wa taa katika kisiwa cha Janus, mbali na pwani ya Australia Magharibi. Mashua ya mahitaji huja mara moja kila miezi mitatu. Isabel, mkewe, ameshaharibikiwa na mimba mbili na kujifungua mtoto mfu. Mwaka 1926 mawimbi yanasukuma mtumbwi ufukweni, ndani mna maiti ya mwanamume na kichanga kinacholia. Wanamchukua mtoto, wanamlea kama wao. Kisha wanajua kwamba mama yake yuko hai, bara, na anaomboleza.

Nguvu ya kitabu iko hapo: kila upande una haki yake. Kiingereza ni chepesi, isipokuwa mwandishi huruka kutoka wakati uliopita hadi uliopo ndani ya ukurasa mmoja. Wanafunzi hudhani ni makosa ya uchapaji. Si makosa, endelea kusoma. Kuhusu jalada, lile lenye sura za waigizaji wa filamu ya 2016 na lile la zamani yana maandishi yale yale, chukua la bei nafuu. Ila usimpelekee mtu aliyepoteza mimba hivi karibuni. Sura za mwanzo hazina huruma.

2. The Yield, Tara June Winch (2019)

Kwa msomaji wa Kiswahili, hiki kingeweza kuwa cha kwanza. Kimeshuka nafasi moja kwa sababu mapenzi yake si ya mume na mke. Ni ya mjukuu na babu, na ya watu na lugha yao.

August Gondiwindi anarudi Australia kutoka Uingereza kumzika babu yake, Albert, na kukuta kampuni ya madini inataka kuchimba ardhi ya ukoo. Babu alikuwa akiandika kamusi ya Kiwiradjuri, lugha ya wenyeji wa asili wa sehemu ya jimbo la New South Wales, na kamusi hiyo imepotea. Riwaya ina sauti tatu zinazopokezana: August, barua ya mchungaji Mzungu aliyeendesha misheni, na maneno ya babu, yanayoanzia mwisho wa alfabeti na kurudi mwanzo. Kila neno lina kisa chake. Ukisoma kama kamusi unacheka, halafu ghafla uko kwenye kaburi.

Neno linalofungua kitabu ni ngurambang, yaani nchi, kwao. Mzee Albert anasema ukilitamka sawasawa linagonga nyuma ya kinywa. Msomaji wa Kiingereza hupata taabu, kwa kuwa lugha yake haianzi neno kwa sauti hiyo. Wewe unayo tangu utotoni: ni ng' ya ng'ombe na ng'ambo. Tamka ng'urambang', umefika. Neno la jina la kitabu nalo limefumwa hivyo hivyo. Kwa Kiingereza ni mavuno, kile mtu anachochukua kwenye ardhi. Kwa Kiwiradjuri, baayanha, ni kile unachokitoa.

Nunua cha karatasi. Mwishoni kuna kamusi kamili ya maneno, na utarudi huko mara kwa mara ukiwa umeshikilia ukurasa kwa kidole. Kwenye simu kazi hiyo inachosha, na wengi huishia kuruka maneno, ambayo ndiyo kitabu chenyewe. Kilipata Tuzo ya Miles Franklin, tuzo kubwa ya riwaya ya Australia, mwaka 2020, kwa hiyo matoleo yenye muhuri wa tuzo ndiyo yaliyoenea.

3. The Narrow Road to the Deep North, Richard Flanagan (2013)

Kizito kuliko vyote hapa, na kwa msomaji aliyekwisha kukomaa pengine ndicho bora. Dorrigo Evans, daktari wa upasuaji kutoka Tasmania, anampenda mke wa mjomba wake kabla ya kwenda Vita Kuu ya Pili, kisha anatekwa na Wajapani na kupelekwa kwenye reli ya Thailand na Burma, kilomita 415 zilizojengwa kwa mikono ya mateka na vibarua. Waaustralia wapatao 2,800 walifia huko. Baba wa mwandishi alikuwa miongoni mwa walionusurika.

Mambo matatu huwakwaza wasomaji. Mazungumzo hayana alama za kunukuu, hivyo unapaswa kusikiliza nani anasema. Miaka inachanganywa, uko 1943, ukifungua sura inayofuata uko uzeeni. Na katikati kuna siku moja ya kambini iliyoelezwa kwa kirefu, pamoja na kipigo kinachoendelea kurasa baada ya kurasa. Hapo ndipo wengi huweka kitabu chini. Ukivuka hapo umekivuka chote.

Ukiagiza mtandaoni andika jina la mwandishi. Jina la kitabu limeazimwa kutoka kwa Bashō, mshairi wa Kijapani wa karne ya 17, na ukitafuta kwa jina peke yake unaweza kuletewa kitabu cha safari na mashairi. Njia salama ni kulinganisha ISBN, zile tarakimu 13 zinazoanza na 978 au 979, kabla ya kulipa.

4. The Thorn Birds, Colleen McCullough (1977)

Padri Ralph de Bricassart na Meggie Cleary, ranchi ya kondoo iitwayo Drogheda, ukame, moto, nzi, na miaka zaidi ya hamsini ya watu kutamani wasichoruhusiwa. Ukame umeandikwa vizuri mno. Mapenzi yenyewe yamezeeka vibaya: padri anamzoea Meggie akiwa mtoto wa miaka kama tisa, na msomaji wa leo hawezi kupita hapo bila kukunja uso. Wenyeji wa asili nao karibu hawaonekani katika ardhi yao wenyewe. Bado ukianza hukiachi.

Faida yake ni kwamba mitumba imejaa. Hasara ni hali ya nakala hizo, kwani matoleo ya miaka ya themanini yalibandikwa kwa gundi ambayo ikikauka hupasuka, na kurasa za mwisho hudondoka kwanza. Ukiwa bado umesimama pale kwa muuzaji, fanya hivi. Fungua katikati taratibu. Ukisikia mlio wa kukatika, kirudishe. Kisha hesabu sehemu: ziko saba, kila moja ina jina la mtu na miaka yake, kuanzia Meggie (1915) hadi Justine (inayoishia 1969). Justine isipokuwepo, umeuziwa kitabu kisicho na mwisho. Toleo kamili la jalada laini hukaribia kurasa 700, na la jalada gumu huvuka 500. Kile kitabu cha jalada gumu chenye riwaya tatu nne kwa pamoja ni mafupisho, hata kama muuzaji ataapa.

Kuna pia nakala za kurudufu, hasa za vitabu vipya vinavyovuma. Wino hufifia pembeni, ukingo mmoja ni mpana kuliko mwingine, na rangi ya jalada ina ukungu. Ukurasa wa hakimiliki ndio hasa unaowaumbua wanaozirudufu: mara nyingi haupo, au umepinda.

Ukitaka kifupi

The Weekend cha Charlotte Wood (2019). Wanawake watatu wenye umri wa miaka sabini na kitu wanakutana Krismasi kusafisha nyumba ya pwani ya rafiki yao aliyekufa. Ni msiba wa urafiki, una mbwa mzee asiyesahaulika, na huhitaji zaidi ya siku mbili tatu.

Vya bure kabisa

My Brilliant Career (1901) cha Miles Franklin, aliyefariki mwaka 1954, na The Fortunes of Richard Mahony cha Henry Handel Richardson, jina la kalamu la mwanamke aliyefariki mwaka 1946. Hakimiliki zimekwisha, sheria za Kenya na Tanzania hulinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Pakua faili la EPUB, yaani kitabu cha kusomea kwenye simu, kutoka Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, au tawi lake la Australia, ulifungue kwenye simu. Usilipie zile nakala za karatasi zinazochapwa kwa oda kutokana na faili hizo hizo: herufi ndogo, hakuna mhariri, na aya mara nyingine zimegandana.

Cha Franklin kinachangamka, msichana wa shamba anayemkataa kijana mwema kwa sababu anataka kuandika. Mahony ni juzuu tatu (1917, 1925 na 1929), daktari wa mji wa Ballarat wakati watu walipokimbilia kuchimba dhahabu, na mkewe Mary, anayeishia kumtazama mume wake akipotewa na akili. Juzuu ya kwanza inakwenda polepole kama mkokoteni. Ikikushinda, ruka moja kwa moja hadi ya tatu, Ultima Thule. Inasimama peke yake, na Mary wa juzuu hiyo anawazidi wapenzi wote waliotajwa hapo juu.