Mafuta ya kutia kwenye hina: lavenda, mkaratusi, mti wa chai na karafuu

Kati ya chupa nne wanazozitumia sana mafundi wa hina, lavenda ndiyo ya kununua kwanza, na karafuu ndiyo ya kuacha dukani. Watu wa visiwani watabisha, maana karafuu tunayo ya kumwaga na rangi yake hukolea kweli. Shida ni yujenoli iliyojaa humo. Hiyo ndiyo inayotia ganzi jino linapouma, na ndiyo hiyo hiyo inayowasha ngozi nyepesi hadi kutoa malengelenge. Bibi arusi mwenye vipele mikononi hasifiwi hina yake.

Mafuta hayatiwi kwa ajili ya harufu. Alkoholi na kemikali nyingine zilizomo husaidia lawsoni, yaani ile rangi ya jani, kuachia na kuzama kwenye ngozi. Lavenda imejaa linaloli, mojawapo ya alkoholi hizo, ni laini, na inafaa hata kwa mwenye ngozi inayokasirika haraka. Lebo isomeke Lavandula angustifolia. Ikisema "manukato", hiyo si bidhaa ya hina. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe: kesho yake likiwa limeacha doa la mafuta, ujue chupa imechanganywa na mafuta mazito, na hayo huziba ngozi rangi isiingie.

Mkaratusi ni wa bei nafuu na hupatikana hata duka la dawa. Sineoli, kemikali yake kuu, hukoleza vizuri, ila harufu inakamata kifua, na kwa watoto wadogo haufai kabisa. Mti wa chai (tea tree, si chai ya kunywa) nao hutoa rangi nzito, lakini huchacha upesi. Chupa iliyokaa wazi miezi mingi huwasha hata wasiozoea kuwashwa. Mafuta ya maganda ya limau au ndimu yaache: baadhi yake, ngozi ikipigwa jua, huunguza.

Kipimo: unga laini wa hina wa kuchorea gramu 100, sukari gramu 30, mafuta mililita 30. Kwa mkono mmoja au miwili, unga gramu 20 na mafuta mililita 6, yaani kijiko cha chai kilichozidi kidogo. Changanya unga na sukari, tia maji ya limau au chai ya rangi iliyopoa mpaka uwe mzito kama viazi vilivyopondwa, kisha ndipo utie mafuta. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mafuta hulegeza hina, kwa hiyo anayeanza na uji mwepesi anaishia na koni inayotiririka, na mistari inakutana yenyewe. Funika kwa plastiki igusane na hina, iache kwenye joto la kawaida la pwani kwa muda wa saa 6 hadi 12. Paka kidogo kiganjani dakika tano. Ikiacha rangi ya chungwa, imeiva. Sasa ilegeze kwa maji tone kwa tone, chuja kwa soksi ya nailoni, jaza koni.

Ikikauka mkononi, ikae kwa muda wa saa 6 hadi 8. Ikwangue, usiioshe, na maji yasiguse mpaka kesho yake. Itaanza na rangi ya chungwa na kufikia wekundu wake wa kahawia baada ya saa 48 hivi, ndiyo maana bibi arusi apakwe siku mbili kabla. Ikibaki chungwa, kabla ya kulaumu mafuta angalia unga: wa zamani haufufuki hata ukiuogesha kwa lavenda.

Hina inayotoka nyeusi papo hapo haikukolezwa na mafuta yoyote kati ya haya. Hiyo ni piko, yaani dawa ya kutia nywele rangi yenye kemikali iitwayo PPD, na huweza kuacha makovu ya kudumu. Mafuta ya taa na petroli vilevile ni sumu, hata fundi aape. Watoto wachanga wasipakwe hina kabisa, iwe na mafuta au bila, kwa sababu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao pwani si wachache, damu yao huweza kuharibika.

Koni zilizobaki zigandishe kwenye friza zitadumu miezi. Mezani zinakufa baada ya siku moja au mbili. Chupa ya mafuta ifunge vizuri, iweke kwenye friji, na andika juu yake tarehe uliyoifungua.