1195: simu inashikwa, kitanda ndicho hakuna

Mimi ni keateka wa ploti Kayole, Nairobi, na wapangaji wakishikana usiku mlango wa kwanza kugongwa ni wangu. Watu huandika maoni kuhusu hoteli na fundi wa simu. Mimi naandika kuhusu 1195, nambari ya kuripoti dhuluma za kijinsia.

Simu yenyewe naisifu. Ni bure, hata laini isiyo na salio inapiga, na usiku wa manane nilijibiwa na mtu mzima wa akili, si rekodi.

Nilipoihitaji hasa ni 2020. Kafyu ya korona ilianza 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Vibarua wa mjengo wakarudi nyumbani mikono mitupu, mume na mke wakashinda wanatazamana kwenye chumba kimoja. Mapema Aprili, Jaji Mkuu wa wakati huo David Maraga alisema makosa ya kingono yalikuwa asilimia 35.8 ya kesi za jinai zilizoripotiwa katika wiki mbili zilizotangulia. Na hapo hujahesabu makofi na mateke.

Mama wa chumba nambari nane alinijia mtoto mgongoni, mdomo umepasuka. Dada wa 1195 aliniuliza maswali mafupi: mume yuko wapi, ameshika kitu, mtoto ameumia? Kisha akaomba kuongea na mama mwenyewe. Akamwambia blauzi yenye damu asiifue, aitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaharibika. Mfuko wa karatasi saa hiyo ungetoka wapi? Tukakung'uta pakiti ya unga.

Baada ya hapo mambo yakaanza kukwama. Kituo cha polisi tulichokwenda, wa kaunta alituambia tukasuluhishane nyumbani, mpaka nilipokataa kuondoka ndipo akaandika OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Daktari wa kujaza P3, fomu ya polisi ya kuandika majeraha, akataka pesa kwanza. Nyumba ya hifadhi tuliyoelekezwa ikataka cheti cha kipimo cha korona, na kipimo chenyewe mtu wa Kayole angekipata wapi mwezi ule? Mama akalala stoo yangu, kati ya ndoo na mafagio.

Kwao ni Murang'a, saa mbili kwa matatu. Lakini Nairobi ilikuwa imefungwa tangu 6 Aprili, na haikufunguliwa hadi 7 Julai. Hapo ndipo naikosoa serikali. Ukimfungia mtu barabara ya kwenda kwa mamake, kitanda mtafutie wewe. Julai hiyohiyo Rais Uhuru Kenyatta aliagiza Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kichunguze ongezeko la dhuluma na kutoa ripoti kwa siku 30. Sawa, lakini ripoti hailaliwi. Hata sasa nyumba nyingi za hifadhi ni za mashirika yanayotegemea wafadhili, na mfadhili akiondoka, mlango unafungwa.

Kwa hiyo simu naipa nyota nne. Yanayofuata baada ya simu, moja, na hiyo ni kwa heshima ya yule dada.

Ukipiga, taja steji na kanisa au petroli stesheni iliyo karibu, maana anayepokea hajui vichochoro vyenu. Na usitoke kituoni bila nambari ya OB mkononi.