Bango la "Majina ya Mungu": rangi safi, Kiebrania kimegeuzwa

Bango hili la plastiki la kutundika nyuma ya madhabahu, mita 2 kwa 1, linachapwa kwenye kibanda kimoja katikati ya mji wa Dodoma. Kazi ya mkono ni nzuri. Pindo limekunjwa mara mbili na ringi za kutundikia ziko sita. Zile mbili za katikati ndizo zinazolizuia lisichanike upepo wa kiangazi ukivuma dirishani. Lisikae nje tu, jua la hapa huila nyekundu kwanza.

Shida iko juu kabisa. Jina la Mungu kwa Kiebrania lina herufi nne, yod, he, vav, he, nalo husomwa kutoka kulia: יהוה. Kwenye bango limeanzia kushoto, kwa sababu programu ya kuchorea isiyojua Kiebrania hupanga herufi kama za kwetu. Kagua kabla ya kulipa: yod, kile kidogo kinachoning'inia kama koma, lazima kiwe mwisho wa kulia. Kisha tazama he zote mbili. Mguu wa kushoto uache mwanya chini ya paa. Ukigusa, hiyo ni het, herufi nyingine kabisa.

Orodha ya chini nayo ina lake. Yehova-yire (Mwanzo 22:14) ni jina Ibrahimu alilopaita mahali, na Yehova-nisi (Kutoka 17:15) ni la madhabahu ya Musa. Kuyaimba kama sifa si kosa, yanamtaja Mungu mwenyewe. Ila tafsiri ya bango, "Mpaji wangu", imepotea njia: kitenzi cha Yire ni kuona, yaani Mungu huliona hitaji akalishughulikia, na "wangu" haimo. Yenye "yangu" ni Nisi, bendera yangu. Ebeneza liondolewe, katika 1 Samweli 7:12 hilo ni jiwe, "jiwe la msaada". Mulungu, la Kigogo, limechapwa sawa.

Wapo watakaobishia "Yehova". Ni kweli irabu zake zimetoka kwenye Adonai, neno ambalo Wayahudi husoma mahali pa jina hilo, na Biblia ya Union kwa kawaida huweka BWANA kwa herufi kubwa. Kwa bango la ibada, tahajia ya "Yehova" inatosha.

Ukiagiza, peleka Kiebrania kikiwa picha, si maandishi ya kunakili kutoka WhatsApp. Kosa likionekana kabla ya ringi kupigwa, kibanda huchapa upya bure. Zikishapigwa, unalipa tena.